Mla Kunde wa Ikulu

Siku Bablen Coulibaly alipopindua serikali, karai langu lilikuwa motoni na mafuta yalishachemka. Watu hupenda kuuliza ulikuwa wapi siku ile, kana kwamba mambo hayo yanakuja kukupigia hodi. Mimi nilikuwa pale pale nilipo kila siku, kwenye kona ya ukuta wa kambi ya jeshi, nakaanga bajia za kunde. Redio ya jirani yangu, fundi cherehani, ilipiga nyimbo za bendi ya jeshi asubuhi nzima, kisha sauti ya mtu ikasoma kwamba katiba imesimamishwa, mipaka imefungwa, na wananchi watulie majumbani. Niliitambua sauti kabla hajataja jina. Juzi yake tu sauti hiyo hiyo ilikuwa imeniambia, "Ongeza pilipili wewe mtumwa wa babu yangu, unakaanga kama mgonjwa."

"Huyo si mla kunde wangu?" nikamwuliza fundi.

"Nyamaza, Mama Ténin, utatuuza," fundi akasema, akipunguza redio.

"Mteja wangu ndiye aniue? Kesho atakula nini?"

Sisi akina Keita na akina Coulibaly ni watani tangu enzi za mababu. Nikikutana na Coulibaly yeyote, hata simjui, namwita mla kunde, mchafua hewa, na mtumwa wangu. Naye ananiambia mtumwa ni mimi, na kwamba Keita wote ni wavivu wanaojidai wafalme. Hakuna anayenuna. Mtani akikuombea mtu msamaha, unasamehe. Mtani akiingia kati ya ugomvi wako, unaacha. Na mtani hamwagi damu ya mtani, hata vitani. Haya hatufundishwi shuleni, tunayanyonya tu.

Bablen nilimjua tangu alipoletwa kambini, kuruta mwenye shingo nyembamba na viatu vilivyomzidi. Alikula bajia akiwa amesimama, akitukanwa, akitukana. Nilimtukana alipopata usajenti, nikamtukana alipopata uluteni. Walipompeleka ng'ambo kwa mafunzo akarudi na miwani ya jua, nilimwambia kunde zimempofusha. Kwa hiyo alipokuwa mkuu wa nchi sikuona sababu ya kubadili.

Nakubali, mwanzoni ilikuwa raha. Hata mwezi haukuisha akaja na msafara wa magari, akashuka kwenye kona yangu na walinzi wake wote.

"Nasikia umepata kazi," nikamwambia. "Tena umepewa jumba kubwa. Lina madirisha ya kutosha kwa mla kunde, au tuwaonee huruma wapishi?"

Walinzi wakashika bunduki. Bablen akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Huyu mtumwa wangu," akawaambia mawaziri wake, "namlisha mimi, na bado ana mdomo." Televisheni ilionyesha yote. Nchi nzima ikasema huyu ni binadamu, anatukanwa na muuza bajia na anacheka. Alisema amekuja kufagia nyumba tu, kisha atarudi kambini.

"Fagia upesi, mla kunde," nikamwambia, "mwenye nyumba anasubiri nje."

Akacheka na hilo pia. Lakini hakufagia. Alijipandisha ukanali kwa mkono wake mwenyewe, kisha ujenerali, mpaka mabegani hapakuwa na nafasi ya nyota nyingine. Uchaguzi uliahirishwa kwa sababu ya nzige, ukaahirishwa kwa sababu ya sensa, halafu ukaahirishwa bila sababu, maana walichoka kuzitafuta. Hayo ni makubwa, na makubwa mtu unayatarajia. Mimi kilichonichosha roho ni bwana mmoja wa itifaki, jina lake Sangaré.

Siku ya Uhuru ilikuwa desturi nialikwe, nisimame mbele ya jukwaa, nimtukane Bablen watu wacheke. Mwaka mmoja Sangaré akanijia na tai shingoni na mkoba kwapani, akakataa kukaa kwenye benchi langu kwa sababu ya mafuta.

"Mama, ofisi inaomba kujua mwaka huu utamtukana nini Mheshimiwa."

"Sijui. Nitamwona kwanza."

"Hapana, tunahitaji mapema. Ili yapitiwe."

"Yapitiwe na nani?"

"Na kamati."

"Kuna kamati ya kupitia matusi?"

"Kamati ya Utani wa Taifa, Mama." Wallahi hakucheka.

"Haya, andika: mla kunde."

Akaandika. Akatazama alichoandika, akasugua kidevu. "Kunde... inaweza kuleta picha kwamba taifa lina lishe duni. Huwezi kusema mla nyama?"

"Mla nyama si tusi!"

"Ndiyo maana nimependekeza."

Nilimfukuza na kijiko changu kirefu, mafuta yakimdondokea kwenye viatu. Mwaka uliofuata sikualikwa. Walileta mwigizaji, msichana mzuri wa sauti, wakampa ukoo wa Keita kwa siku ile moja kama unavyomwazima mtu kanga. Nilimtazama kwenye televisheni ya fundi. Akashika kipaza sauti akasema, "Wewe Coulibaly, mbaya sana wewe! Unafanya kazi mpaka unasahau kula! Unalijali taifa kuliko afya yako, huna haya?"

Watu wakapiga makofi. Fundi akapiga makofi pia, halafu akaniona, akaacha. Naye Bablen akacheka, tena kicheko kile kile cha pale ukutani. Ndicho kilichoniuma. Nilidhani kile ni changu.

Sasa nimtaje mdogo wangu Fadiala, maana kisa hiki ni chake kuliko cha Bablen. Mama yetu alikufa akimnyonyesha, mimi ndiye niliyembeba mgongoni huku nikikaanga. Alikulia kwenye moshi wangu akisikiliza watu wakitukanana, akatoka na ulimi ambao hata mgonjwa hospitalini angeamka acheke. Redio ya mji ikamchukua. Kila asubuhi alisalimia koo zote, akawatania wote wanaotanika, na watu hawakwenda kazini mpaka amalize.

Asubuhi moja ya harmatani, ule upepo wa jangwani, vumbi limetanda mpaka taa za barabarani zinawaka mchana, Fadiala akasema redioni, "Wasikilizaji, msililaumu jangwa bure. Upepo huu unatoka Ikulu. Mtani wangu Coulibaly amekula kunde tena."

Kabla ya adhuhuri askari walikuja kumchukua. Kosa: kumtusi Mkuu wa Nchi.

Mimi nilipoambiwa, nilicheka. Ndiyo, nilicheka! Nani katika nchi yetu asingecheka? Keita amefungwa na Coulibaly kwa kumwita mla kunde. Nilijua Bablen anatia utani chumvi, anangoja niende nimkomboe mbele ya watu, anitukane, anirudishie ndugu yangu. Nikamwambia fundi, "Huyu mtumwa amepata akili siku hizi." Nikakaanga bajia nzuri, nikavaa gauni langu pana la sikukuu, nikaenda Ikulu.

Langoni waliniweka juani, wakanirudisha, nikaenda tena, wakanirudisha, mpaka bajia zikawa za kuchekesha kuku na nikakaanga nyingine. Hatimaye niliingizwa. Bablen alikuwa mezani na mawaziri pande zote, Sangaré kasimama nyuma yake. Nikaanza kama inavyoanzwa.

"Mtumwa wangu, nimekuja. Nipe mdogo wangu, nami nitakusamehe harufu."

Hakuna aliyecheka. Bablen akatazama makaratasi yake. "Mama Keita," akasema. Hakuwahi kuniita mama. "Suala hilo lipo mahakamani."

"Mahakama gani, mla kunde? Nimekuja mimi. Mtani wako anakuomba."

"Serikali haina watani."

"Kwani wewe ni serikali? Wewe ni Coulibaly."

"Hapa ndani mimi ni serikali." Akainua macho, na nikaona kwamba hachezi. "Sheria ni sheria."

Niliweka bajia mezani. Sangaré akazisukuma kando kwa ncha ya kalamu, taratibu, zisimguse. Jioni ile Bablen akalirudia neno lake kwenye televisheni, nchi nzima inasikia: utani ni desturi nzuri ya nyumbani, lakini Serikali haina watani.

Fadiala akapelekwa gereza la kaskazini, kule mji unapoishia mchangani. Nilikwenda kila nilipopata nauli. Huku wanasema nenda ofisi ile, ile inasema afisa kasafiri, afisa akirudi anasema mfungwa huyo hayupo kwenye orodha ya wanaotembelewa, leta barua, na barua inatoka ofisi ya kwanza. Nilichoka kulia, nikabaki na hasira tu, nayo nilikuwa naamka nayo na kulala nayo. Wateja wakasema bajia zimekuwa chungu.

Kilichomwangusha Bablen si maneno yangu. Aliwapeleka askari vitani kaskazini bila viatu, mishahara yao ikaishia njiani, na walipozikwa wenzao yeye alikuwa akifungua uwanja wa tenisi Ikulu. Basi wakarudi mjini na bunduki zimegeuzwa. Walinzi wake walitoa vyeo vyao wakavitia mfukoni. Yeye mwenyewe walimkuta stoo ya jikoni, nyuma ya magunia. Redio ya fundi ikapiga tena zile zile nyimbo za bendi ya jeshi, hawana hata nyimbo mpya, kisha sauti nyingine ikasema katiba imesimamishwa.

"Kapteni Nankoman Keita," fundi akarudia jina. "Mama Ténin, huyu ni wa kwenu!"

"Wa kwetu wapi? Simjui hata mama yake. Punguza redio."

Kesho yake asubuhi gari la jeshi likaja kunichukua. Nilidhani wamekosea mtu. Wakanipeleka Ikulu, mpaka kwenye uwanja ule ule wa tenisi, askari wamejaa, na Bablen kakalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na wavu, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Kapteni akanipokea kwa mikono miwili. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shangazi," akasema, "vijana wanataka kumpiga risasi."

"Wamempata wenyewe. Mimi mnaniitia nini?"

"Mimi ni Keita. Nikimwaga damu ya Coulibaly, baba yangu hatanipokea mlangoni. Lakini vijana wanasema huyu si mtani tena, aliuvunja utani mwenyewe, na alikutamkia wewe. Kwa hiyo wewe ndiye wa kusema. Umevunjika au haujavunjika?"

"Nitajuaje mimi?"

"Mtanie. Akijibu kama mtani, upo, na hakuna atakayemgusa, atafungwa, basi. Ukishindwa, umevunjika. Vijana wamekubali."

"Mnapindua nchi nzima bila kumwuliza mtu, halafu mnakwama, mnamwita muuza bajia!"

"Ndivyo, Shangazi."

"Sisemi neno mpaka nimwone mdogo wangu."

Kapteni akaita mtu, mtu akaita redio ya jeshi. Kumbe magereza yalishafunguliwa usiku, na ndege ya jeshi ilikuwa ikileta wafungwa. Tukangoja. Mimi kwenye kiti upande mmoja wa wavu, Bablen upande wa pili, jua juu yetu.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo.

"Usiniite hivyo."

"Ténin. Huna bajia?"

Jamani. Mtu anangoja risasi na ananiuliza bajia! "Nilikuletea," nikamwambia. "Ulikuwa na watu wa kuzisukuma kwa kalamu." Akainamisha kichwa, nami nikatazama pembeni, maana shingo ile ilikuwa imerudi kuwa nyembamba.

Alasiri lori likaingia, Fadiala akashushwa. Nguo zilimning'inia kama zimetundikwa kwenye kijiti. Alikuwa anafinya macho kwa mwanga, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Nilimkumbatia, nikahisi mifupa yake yote. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno.

"Dada, kuna nini hapa?" akauliza. Nikamweleza. Akasikiliza, akamtazama Bablen.

"Shangazi," Kapteni akasema. "Sasa."

Nikasimama mbele ya Bablen. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Mwizi wewe! Muuaji! Umemla ndugu yangu mzima mzima!" Kila mtu pale alizaliwa na masikio ya kutambua utani, na ule haukuwa utani. Nikajaribu tena. Nikasema, "Mla kunde," lakini lilitoka kama mate. Askari mmoja akakoki bunduki. Maneno niliyomwambia mtu huyu maisha yangu yote, na mdomo wangu haukuyajua tena.

"Basi, Shangazi, inatosha," Kapteni akasema kwa huzuni. "Umevunjika."

Sikumpinga. Nilikuwa nimechoka na Bablen, na uwanja wake, na nyota zake, na kamati zake. Niliona waniache niende nyumbani nimwoshe mdogo wangu. Wakamsimamisha Bablen.

Hapo nikasikia mtu akinusa. Fadiala alikuwa ameinua pua juu, ananusa hewa polepole, kulia, kushoto, kama mpishi.

"Kapteni," akasema kwa pengo lake, "harmatani iliisha lini?"

"Imeisha zamani," Kapteni akajibu, hajaelewa.

"Basi huu upepo unatoka wapi?" Akamgeukia Bablen, akamtazama toka kandambili mpaka kichwani. "Loo! Wakati wote ule mimi nalalamikia choo cha gereza, nimewatukana walinzi wa watu bure. Kumbe ni huyu! Yeye yuko huku, kunde zake zinanifuata kule kule jangwani!"

Askari mmoja akacheka kwa pua. Akajizuia, ikashindikana. Mwingine akaziba mdomo kwa kofia. Kicheko kikapita uwanjani mpaka yule aliyekoki bunduki akageuka apanguse macho, na Kapteni akainama kana kwamba anafunga kamba za viatu.

"Ajibu!" mtu akapiga kelele. "Ajibu kwanza!"

Midomo ya Bablen ilifunguka, ikafungika. Nikaona anatafuta kitu alichokiweka mahali miaka mingi iliyopita. "Keita," akasema. "Mtumwa wangu." Sauti ilikuwa ya kuruta. "Nani... nani kakupa ruhusa ya kuacha kazi niliyokutuma kule jangwani?"

Uwanja ukalipuka. Kofia zilirushwa juu. Bablen alikuwa analia na kucheka, kamasi zinamtoka, mkuu wa nchi mzima. Kapteni akaamuru bunduki zishushwe, akamtuma mtu akamtafutie kandambili ya pili.

Mimi nilimshika Fadiala mkono njia nzima. Tulipofika nyumbani ndipo nikapasuka.

"Umemwokoa! Yule! Nimesafiri jangwani mpaka miguu imevimba, nimelia milangoni kwa watu, meno yako yako wapi, Fadiala? Halafu unasimama unamchekesha! Umelogwa?"

Alikuwa anakunywa maji. Alikunywa mpaka akamaliza, akaweka kikombe chini taratibu.

"Sikumwokoa yeye, Dada."

"Ulimwokoa nani basi?"

"Wangesema utani umevunjika, ningekuwa nani mimi? Ningekuwa mtu aliyemtusi Mkuu wa Nchi redioni. Wangekuwa wamenifunga kwa haki." Akajifuta midomo. "Kila siku mle ndani walitaka niandike kwamba nilitukana. Niandike tu, nisaini, nitoke. Nikawaambia ulikuwa utani. Meno yaliishia hapo. Leo nikubali kwamba walisema kweli?"

Nikachukua kikombe, nikamjazia maji tena.

Bablen wamemfungia kwenye nyumba ndani ya kambi, nyuma ya ukuta wangu. Kapteni sasa ni kanali, na kwenye redio ya fundi nimesikia kwamba uchaguzi utachelewa kidogo. Fadiala hakurudi redioni. Hukaa karibu na karai tangu asubuhi, kaelekea ukutani, na wateja wakimtania huwatazama tu, kama mtu aliyemaliza utani wake wote pale uwanjani. Jana askari mmoja alitoka kambini akaniambia mfungwa anaomba bajia.

"Mwambie asubiri, mtumwa huyo," nikasema. "Kwanza afungue madirisha."

Askari akacheka. Nikamtazama Fadiala, nikamwachia nafasi aongeze lake. Nilingoja mpaka bajia zikaanza kuungua. Hakuongeza. Nikazifunga kwenye karatasi, nikatia pilipili nyingi kuliko inavyofaa, nikampa askari apeleke.